Modeli inatetemeka vibaya: utatuzi wa matatizo ya hesabu za mtetemo wa miundo, kwa mifano ya Tanga

Mwongozo huu ni wa mhandisi aliyekaa mbele ya modeli ya gati la nguzo, mnara wa tanki la maji au sakafu ya mashine ya mkonge, na jibu linalotoka haliendani na kile anachokitegemea. Umepangwa kwa dalili. Chini ya kila dalili, chanzo kinachotokea mara nyingi kimetangulia, na ukaguzi rahisi uko kabla ya matengenezo mazito. Programu zinazotajwa zaidi ni OpenSees na CalculiX, kwa kuwa ni za bure na mwanafunzi au ofisi ndogo anaweza kuzipakua leo.

Mbinu zenyewe ni zile za impilisiti: Newmark (1959), Hilber, Hughes na Taylor (1977), ambayo huku tutaiita HHT, na alfa-jumuishi ya Chung na Hulbert (1993). Katika mbinu hizi, hali ya mwisho wa kila hatua ya muda hupatikana kwa kutatua milinganyo yote kwa pamoja. Faida yake ni kwamba ukichagua vigezo vizuri, modeli ya mstari (ambayo ukakamavu wake haubadiliki) hailipuki hata hatua ikiwa kubwa kiasi gani. Hapo ndipo wengi wanapoteleza. Kutolipuka ni jambo moja na kuwa sahihi ni jambo lingine kabisa, na mbinu isiyolipuka inaweza kukupa mchoro laini, mzuri, ulio na kosa la zaidi ya nusu. Utaona mfano wake kwenye dalili ya nne.

KABLA YA YOTE: JARIBIO LA TUNGAMO MOJA

Usianze kupekua modeli yenye nodi (nukta za kuungia vipande) elfu tano. Fungua faili jipya, weka tungamo moja na springi moja: m = tani 50, k = 1,973.9 kN/m. Kipindi chake ni sekunde 1.0 kamili. Vuta milimita 10, achia, usiweke ufifishaji wowote, tumia hatua ya muda Δt = 0.05 s, endesha sekunde 21. Vigezo vya mbinu (γ na β vya Newmark, α ya HHT) viwe vilevile unavyovitumia kwenye modeli kubwa. Majibu unayopaswa kuona ni haya:

Newmark yenye γ = 0.5 na β = 0.25: kilele bado ni mm 10, lakini kilele cha ishirini kinafika kwenye sekunde 20.16 hivi badala ya 20.00. Kipindi kimerefuka kwa asilimia 0.8.

HHT yenye α = −0.1: kilele cha ishirini ni karibu mm 9.6.

Newmark yenye γ = 0.6 na β = 0.3025: kilele kimeshuka hadi karibu mm 1.5.

Linganisha mbili za mwisho. γ na β zao ni zilezile. Tofauti ni kwamba HHT inachukua pia sehemu ya kani za mwanzo wa hatua, na hilo pekee linaokoa mtetemo wa polepole usiliwe na hesabu. Jibu lako likitofautiana sana na haya, tatizo liko kwenye vigezo au namna programu inavyovisoma. Likilingana, mbinu haina kosa. Rudi kwenye modeli.

DALILI YA 1: MISOGEO INAKUA MPAKA NAMBA HAZISOMEKI

Kwanza angalia namna inavyokua. Chora vilele dhidi ya muda. Vikipanda kwa mstari ulionyooka, huenda ni resonansi ya kweli bila ufifishaji, na modeli iko sawa. Vikijizidisha kila baada ya hatua chache, endelea hapa.

Chanzo cha kwanza, na ndicho kinachoongoza: hatua moja ilishindwa kupata jibu na skripti ikaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Katika OpenSees amri ya analyze hurudisha 0 ikifaulu na namba hasi ikishindwa. Ukiiita ndani ya kitanzi bila kusoma namba hiyo, hatua zote zinazofuata zinajengwa juu ya hali isiyo na mizani. Soma namba kila hatua na usimamishe hesabu ikiwa si 0. Kisha nenda dalili ya tano.

Cha pili: α imeandikwa kwa kanuni ya programu nyingine. CalculiX na Abaqus (programu nyingine ya aina hiyo) hutumia α ya mwaka 1977, inayokaa kati ya −1/3 na 0, na thamani ya kawaida ni −0.05. OpenSees inahesabu kwa njia yake: 1.0 ndiyo Newmark ya kawaida, na thamani inayokubalika ni kati ya 0.67 na 1.0. Kwa hiyo anayetaka α = −0.1 huandika `integrator HHT 0.9`. Akiandika 0.1, au −0.1 kama alivyoona kitabuni, modi (namna za muundo kutetemeka) za kasi hukuzwa mara tisa au kumi na moja kwa kila hatua, na modeli inalipuka ndani ya hatua chache tu. Ukiona mlipuko wa ghafla hivi, angalia mstari huu kabla ya kitu kingine chochote.

Cha tatu: γ iko chini ya 0.5, au β ni 1/6. Hiyo ya 1/6 ndiyo mbinu ya mchapuko wa mstari, na inavumilia hatua isiyozidi mara 0.551 ya kipindi kifupi kuliko vyote kwenye modeli. Kipindi kifupi hicho si cha jengo. Ni cha elementi ndogo na ngumu kuliko zote, na mara nyingi ni sehemu ya kumi elfu ya sekunde. Rudi kwenye β = 0.25.

Cha nne: muundo wenyewe hauna uthabiti. Nguzo ndefu yenye mzigo mkubwa wa wima, ukihesabu na athari ya mzigo kuegemea, inaweza kuwa na ukakamavu hasi. Tafuta modi za asili baada ya kuweka mzigo wa uzito. Thamani ya mraba wa frikwensi ikitoka hasi au sifuri, kuna kiungo kilichoachwa huru au kuna mhimili unaopinda.

ONYO: ukakamavu hasi kwenye modeli ya jengo lililokwisha kujengwa si tatizo la kompyuta. Hakiki data mara moja, na ikibaki vilevile, mpe mhandisi wa miundo aliyesajiliwa siku hiyohiyo.

Cha tano, na ni nadra: mizunguko mikubwa, kwa mfano kamba za kufungia meli zinazorukaruka. Newmark ya γ = 0.5 inahifadhi nishati kwenye modeli ya mstari tu. Kwenye mizunguko mikubwa inaweza kuongeza nishati kidogokidogo mpaka ikapasuka. Punguza hatua kwanza. Isipotosha, tumia mbinu ya Bathe, ambayo hugawa hatua mbili: nusu ya kwanza kwa mchapuko wa wastani, nusu ya pili kwa Euler ya nyuma yenye nukta tatu. Utalipa utatuzi mara mbili kwa kila hatua, na kwa kazi hiyo inafaa.

DALILI YA 2: MCHAPUKO UNA MENO YA MSUMENO

Misogeo ni laini, lakini ukichora mchapuko unaona mstari unapanda na kushuka kila hatua, wakati mwingine mkubwa kuliko mchapuko halisi.

Jaribio moja linatosha kujua kama ni la hesabu. Soma kipindi cha hayo meno. Kama ni hatua mbili kamili, yaani 2Δt, gawa hatua kwa mbili uendeshe tena. Meno yakijifinya nayo yakawa 2Δt mpya, ni kelele za hesabu. Yakibaki na kipindi kilekile cha sekunde, huo ni mtetemo wa kweli wa sehemu fulani ya muundo na hupaswi kuufuta.

Kwa nini 2Δt? Newmark ya γ = 0.5 haina ufifishaji wowote. Modi ambayo kipindi chake ni kifupi mno kuliko hatua haipotei. Inageuza alama tu kila hatua, chanya, hasi, chanya, hasi, mpaka mwisho wa hesabu. Ukiiamsha mara moja imeamka moja kwa moja. Kwa hiyo tafuta nani kaiamsha:

Mchapuko wa mwanzo haukuhesabiwa. Mchapuko wa kuanzia unatakiwa utoke kwenye mlinganyo wenyewe, a₀ = M⁻¹(F₀ − Cv₀ − Ku₀), ambapo M, C na K ni tungamo, ufifishaji na ukakamavu, na F, v na u ni kani, kasi na msogeo. Ukiuacha sifuri huku kuna kani au msogeo wa mwanzo, hatua ya kwanza tayari ina kosa, na kosa hilo ndilo linalocheza mpaka mwisho.

Mzigo umeingia ghafla. Kani inayoruka kutoka sifuri hadi kN 500 ndani ya hatua moja inaamsha kila modi. Ipandishe polepole katika muda ambao kitu halisi kinautumia. Meli inayogusa fenda za mpira haipigi kama nyundo. Mguso huchukua sekunde kamili au zaidi. Tishari la chuma likigonga zege tupu ni mambo ya milisekunde, na hapo hatua yako lazima isizidi sehemu ya ishirini ya muda wa mguso.

Springi ya mguso ni ngumu kupita kiasi. Watu huandika 10¹² ili vitu visiingiliane. Mara 10 hadi 100 ya ukakamavu wa sehemu jirani inatosha.

Nodi hazina tungamo, hasa kwenye mizunguko. Ama zipe tungamo dogo lenye maana, ama ziondoe kwa kufupisha matriki.

Ukishamaliza hayo, na si kabla, weka HHT ya α = −0.05 au −0.1. Kwa −0.05 kelele za juu kabisa hupungua takribani asilimia 10 kwa hatua, kwa −0.1 takribani asilimia 18. Kuweka ufifishaji wa hesabu kabla ya kutafuta chanzo ni kupaka rangi juu ya kutu.

DALILI YA 3: MTETEMO UNAKUFA MAPEMA MNO

Umepima mnara wa tanki pale Pongwe, ukausukuma na kuuachia, ukatetemeka nusu dakika. Modeli inatulia kwa sekunde tano.

Sababu inayotangulia zote ni ufifishaji wa Rayleigh uliowekwa kwenye frikwensi zisizohusika. Huo una sehemu mbili, moja ya tungamo na moja ya ukakamavu. Ukiulenga asilimia 5 kwenye vipindi vya sekunde 1.0 na 0.1, unapata kizidishi cha tungamo a₀ = 0.571 na cha ukakamavu a₁ = 0.00145. Katikati ya vipindi hivyo ufifishaji unashuka chini ya 5, na hilo si baya. Nje yake unapaa: kwenye kipindi cha sekunde 10 umefika asilimia 45, na kwenye sekunde 0.01 vilevile 45. Ukinakili namba hizo kutoka modeli ya ghorofa ukazitia kwenye tishari linaloelea, ambalo linayumba kwa sekunde kadhaa, umelizamisha kwenye asali. Kokotoa upya kwa kila muundo, kwa fomula hizi: a₀ = 2ξω₁ω₂/(ω₁+ω₂), a₁ = 2ξ/(ω₁+ω₂), ambapo ξ ni uwiano wa ufifishaji na ω ni 2π kugawa kwa kipindi.

Ya pili ni γ iliyo juu ya 0.5 kwenye Newmark tupu. Ufifishaji wa hesabu unaoongezeka ni takribani (γ − 0.5)ωΔt/2. Kwa γ = 0.6 na hatua ya sehemu ya ishirini ya kipindi, unapata asilimia 1.6. Mnara wa chuma uliochomelewa vizuri hauna hata huo. Hamia HHT, fomula yake ni α(1−α)²(ωΔt)³/8, ambapo α imechukuliwa bila alama ya hasi, na kwa mfano huohuo inatoa asilimia 0.03 tu.

Ya tatu: programu imechagua yenyewe. Abaqus ikiambiwa kazi ni ya mzigo wa polepole hutumia Euler ya nyuma, ambayo imetengenezwa ili iue mtetemo. Soma faili la matokeo, usiamini menyu.

Ya nne inawapata walio na modeli isiyo ya mstari: ufifishaji umefungwa kwenye ukakamavu wa mwanzo. Bawaba ya zege ikishapasuka, ukakamavu wake umeshuka mara kumi, lakini ufifishaji bado unahesabiwa kana kwamba haijapasuka, na kani za uongo zinaibeba. Ukague kwa kuchora kani za ufifishaji kwenye nodi ya bawaba. Zikizidi sehemu ndogo ya kani ya elementi, funga ufifishaji kwenye ukakamavu wa sasa.

DALILI YA 4: MASHINE INATIKISA SAKAFU KULIKO MODELI INAVYOSEMA

Hii ndiyo hatari kuliko zote kwa sababu haina dalili kwenye skrini. Mchoro ni laini, nishati imesawazika, Newton (njia ya kurudia hesabu mpaka kani zisawazike) imetulia kila hatua. Kosa liko kwenye jibu.

Chukua sakafu ya chuma inayobeba korona, ile mashine ya kuchakata majani ya mkonge inayojulikana na kila aliyekulia kwenye mashamba ya Muheza na Korogwe. Tuseme ngoma inazunguka mara 240 kwa dakika, yaani 4 Hz, na sakafu nayo ina frikwensi ya asili ya 4 Hz, na ufifishaji wake ni asilimia 1. Hesabu ya karatasi inasema msogeo utakuwa mara 50 ya ule wa mzigo tuli. Sasa endesha Newmark ya γ = 0.5, β = 0.25:

Δt = 0.025 s, sehemu ya kumi ya kipindi: mara 14 hivi.
Δt = 0.0125 s, sehemu ya ishirini: mara 38.
Δt = 0.00625 s, sehemu ya arobaini: mara 49.

Vitabu vingi vya darasani vinasema sehemu ya kumi ya kipindi inatosha. Kwa tetemeko lenye ufifishaji wa asilimia 5, mara nyingi inatosha kweli. Kwa mashine inayozunguka karibu na frikwensi ya sakafu, kanuni hiyo inakupa chini ya theluthi moja ya mtikisiko halisi. Sababu yake ni kurefuka kwa kipindi. Kwenye hatua ya sehemu ya kumi, kipindi cha modeli kinarefuka kwa asilimia 3.2, na sakafu ya kompyuta inakwepa mzunguko wa mashine. Sakafu ya kweli iko palepale. Kilele cha resonansi yenye ufifishaji wa asilimia 1 ni chembamba sana, na asilimia 3 inatosha kabisa kukutoa juu yake.

Fanya hivi. Tafuta modi za asili kwanza, bila hatua za muda. Hizo hazina kosa la Δt. Orodhesha zilizo ndani ya asilimia 20 ya mzunguko wa mashine, na wa mara mbili na tatu yake. Kwa hizo weka Δt isiyozidi sehemu ya arobaini ya kipindi. Endesha muda wa kutosha: kwa 4 Hz na asilimia 1, mtetemo unafikia asilimia 95 ya kilele baada ya sekunde 12 hivi, kwa hiyo endesha 20. Kisha gawa hatua kwa mbili urudie. Tofauti ikizidi asilimia 2, gawa tena.

Ukaguzi wa pili ni wa kipindi chenyewe. Kikiwa kimekosewa kwa wingi, kigawe kwa kile unachokitegemea uone namba:

Mara 3.13: umeweka uzito kwa kN mahali pa tungamo.
Mara 31.6: umeweka kilo mahali pa tani.

Kwa mfumo wa kN, mita na sekunde, tungamo ni tani. Chuma ni 7.85 kwa mita ya ujazo, zege lenye nondo ni 2.5. Kwa N na milimita bado ni tani, na chuma kinakuwa 7.85 × 10⁻⁹. Kumbuka kuwa kosa la vipimo halilipui mbinu ya impilisiti. Litapita kimyakimya.

Kwa miundo ya baharini kuna la ziada, na mwambao wa Tanga unalionyesha vizuri kwa sababu bamvua huku hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Nguzo ikitikisika majini inasukuma maji, na maji hayo ni tungamo. Kwa nguzo ya mviringo chukua maji sawa na ujazo wake: nguzo ya kipenyo cha mita 0.8 inaongezewa kilo 515 kwa kila mita iliyozama. Mita tatu za bamvua ni tani 1.5 kwa nguzo moja, na ziko karibu na juu, mahali zinapotikisika zaidi. Gati lenye nguzo sitini lina zaidi ya tani tisini zinazokuja na kuondoka mara mbili kwa siku. Endesha modeli mbili, ya maji kujaa na ya maji kupwa. Ukipima gati saa za kupwa na kulinganisha na modeli ya kujaa, utaitafuta hitilafu ambayo haipo. Kama nguzo ni bomba lililo wazi chini, jumlisha na maji ya ndani.

ONYO: mashine halisi ikianza kutikisa sakafu kuliko jana, boliti zikilegea au nyufa mpya zikionekana kwenye viungo, izimwe kwanza. Hesabu zinafuata baadaye.

DALILI YA 5: NEWTON HAITULII

Programu inarudia marudio 20, 50, 100, na salio la kani halishuki. Anza na toleransi, si hatua. NormDispIncr ya 10⁻⁶ kwenye modeli ya mita ni maikroni moja, na inafikika. Namba hiyohiyo kwenye modeli ya milimita ni nanomita, na hesabu inaweza kuzungukazunguka hapo bila kufika. Ukitumia kipimo cha kani ambazo hazijasawazishwa, kumbuka kinachanganya kN na kNm kwenye namba moja, na ukiwa umefunga nodi kwa njia ya adhabu (yaani kwa ukakamavu mkubwa mno wa bandia) kinaharibika kabisa. Kipimo cha nishati, EnergyIncr, huwa salama zaidi.

Kisha soma salio la kani marudio kwa marudio. Likishuka kwa kasi inayoongezeka (0.1, 0.01, 0.0001), Newton iko sawa na inahitaji marudio machache zaidi tu. Likishuka taratibu kwa uwiano uleule, ukakamavu unaotumika si wa sasa. Likipanda na kushuka kati ya thamani mbili, nyenzo au mguso umekaa kwenye kona: fenda inagusa na kuachia, zege linafunga na kufungua ufa. Kwa hilo la mwisho, gawa hatua kwa mbili, hadi mara nne mfululizo. Ikigoma, jaribu kwa mpangilio huu: NewtonLineSearch, KrylovNewton, kisha ModifiedNewton kwa ukakamavu wa mwanzo. Ikishapita, rudi kwenye hatua na mbinu ya kawaida.

Usilegeze toleransi mara mia ili ipite. Ukilazimika kulegeza, chora jumla ya nishati: ya mwendo, ya mkunjo na iliyofifishwa, dhidi ya kazi ya mizigo ya nje. Sisi tunakataa hesabu yoyote yenye pengo zaidi ya asilimia 1.

Hatua ikishindwa muda uleule hata ukiigawa sehemu kumi na sita, kuna uwezekano mkubwa kwamba muundo kwenye modeli umeanguka kweli. Simama hapo. Swali hilo ni la mhandisi wa miundo.

DALILI YA 6: MSOGEO WA MWANZO NI MARA MBILI YA UNAOTEGEMEWA

Umeweka uzito wa jengo ndani ya hesabu ya mtetemo. Mzigo wowote ukiwekwa ghafla huleta msogeo mara mbili ya ule wa tuli, kisha jengo linarukaruka kwa uzito wake lenyewe. Weka uzito kwanza kwa hesabu tuli ya hatua kumi hivi, ufunge kwa `loadConst -time 0.0`, futa mipangilio ya uchambuzi, kisha anza mtetemo. Kama msogeo hauruki bali unaelea upande mmoja dakika nzima, kosa liko kwenye rekodi ya mchapuko: haijasahihishwa mstari wake wa sifuri. Hakikisha pia Δt inagawanya muda kati ya nukta za rekodi bila salio; rekodi ya 0.005 s na hatua ya 0.003 s hukata vilele.

DALILI YA 7: INACHUKUA USIKU KUCHA

Kwa modeli ya mstari yenye Δt isiyobadilika, matriki inahitaji kuvunjwa mara moja tu: `algorithm Linear -factorOnce`. Kila ukibadilisha Δt inavunjwa upya, kwa hiyo usitumie hatua inayojirekebisha pasipo sababu. Panga nodi kwa RCM (mbinu ya kuzipa nodi namba upya ili matriki iwe nyembamba). Punguza kuandika matokeo ya kila nodi kila hatua. Kwenye kompyuta yenye diski ya zamani, kuandika huchukua muda kuliko kutatua.

PALE UNAPOTAKIWA KUMWITA MTAALAMU

Kama majibu yataamua unene wa nondo, uzito wa mashine itakayowekwa, au kama watu waendelee kutumia gati au ghorofa, kazi hiyo inasainiwa na mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB. Hilo halitegemei modeli yako imetoka vizuri kiasi gani. Mwite pia ukiona mojawapo ya haya: kugawa Δt mara tatu bado kunabadilisha jibu kwa zaidi ya asilimia 5, modi ya kwanza ya modeli na iliyopimwa zinatofautiana kwa zaidi ya asilimia 10 baada ya kuhakiki vipimo na maji, au muundo wenyewe una nyufa, kutu iliyokula nondo, au umeinama.

Ukienda kwake, beba faili la kuingizia lenye vigezo vyote, matokeo ya jaribio la tungamo moja, orodha ya modi kumi za kwanza, mchoro wa nishati, majibu ya Δt mbili tofauti, na kwa miundo ya baharini, saa na kimo cha maji siku ya kupima.